Muulize Mwalimu: "Wamejuaje?"

Toleo lililopita niliandika juu ya filamu za makala za anga, hasa Cosmos: ile ya Carl Sagan iliyorushwa Marekani mwaka 1980, na ile iliyoifuata mwaka 2014 ikisimuliwa na Neil deGrasse Tyson. Niliwaomba wasomaji waniandikie yale waliyobishania baada ya kuzima televisheni. Barua zimezidi nafasi niliyopewa. Nimeanza na hizi, nyingine zisubiri zamu yake.

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Tangu aanze kutazama Cosmos kwenye simu yangu, bando halimalizi wiki, na hilo ningelivumilia. Juzi tukiwa tunakula akamwambia bibi yake kwamba ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Bibi akamuuliza, "Ulikuwepo?" Maneno yakawa mengi, mtoto akasusa chakula. Bibi anasema filamu hizi zitamtoa mjukuu wake kanisani. Nimkataze?*
*Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Usimkataze. Na umfikishie bibi salamu zangu, umwambie swali lake ndilo swali lenyewe. Nimefundisha fizikia hapa Tanga mpaka nikastaafu, na ni wanafunzi wachache mno waliowahi kuniuliza vizuri namna hiyo. Mwanao ametupa namba mezani bila kujua imetoka wapi, na alipoulizwa akanuna. Ajifunze kujibu, tena kwa adabu, maana anayezungumza naye ni bibi yake.

Jibu ni hili. Hakuwepo mtu, lakini nuru ilikuwepo, na nuru hiyo inatufikia mpaka leo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, jimbo la New Jersey, wakifanya kazi na antena kubwa yenye umbo la pembe. Ikawa inatoa mvumo hafifu usiokoma. Wakaigeuzia upande wa jiji la New York, wakaielekeza juu, wakasikiliza usiku na mchana, mvumo ni ule ule. Wakakuta njiwa wamefanya makazi ndani yake. Wakawatoa, wakasugua mavi yao, mvumo ukabaki. Mwishowe ikabainika kwamba walikuwa wanapokea mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga: nuru iliyoachiwa miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo, ikapoa safarini hadi ikabaki na nyuzi zisizofika 3 juu ya baridi ya mwisho kabisa. Mwaka 1978 wakapewa Nobel. Baadaye chombo kiitwacho Planck, kilichorushwa na shirika la anga la Ulaya mwaka 2009, kiliichora nuru hiyo anga nzima, na kwa kuyachunguza mabaka yake wataalamu wakapiga hesabu ya umri. Bilioni 13.8 imetoka humo.

Halafu umtayarishe kijana kwa jambo moja. Akitazama Cosmos ya zamani atamsikia Sagan akitumia miaka bilioni 15. Atatokea mjomba aseme, "Mnaona? Wanabadilisha maneno." Ni kweli, wamebadilisha. Mwaka 1980 wanafalaki walikuwa wamegawanyika makundi: kundi moja lilipima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu likapata karibu maradufu ya kundi jingine, na umri ukawa unayumba pamoja na vipimo hivyo. Vyombo vikaboreka, pengo likapungua. Lakini halijazibika. Hata leo wanaotumia nuru ya Planck wanapata kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali ambao nuru huuvuka kwa miaka milioni 3.26), wanaotumia nyota na milipuko ya nyota wanapata 73 hivi, na ubishi huo ni mkali kweli kweli, wenyewe kwa wenyewe. Mimi namwamini zaidi mtu anayebadilisha namba mbele ya macho yangu na kunieleza kwa nini.

Na kwa bibi, mweleze habari za Georges Lemaître. Alikuwa padri Mkatoliki, Mbelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo mno. Papa Pius wa 12 alipoisifu nadharia hiyo mwaka 1951, kana kwamba inathibitisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Alitaka hesabu zisimame kwa miguu yake na imani isimame kwa miguu yake. Aliendelea na upadri hadi kufa.

Kama bibi bado ana subira, kijana amfanyie ile kalenda ya Sagan, ya kuibana historia yote ya ulimwengu ndani ya mwaka mmoja, ila aijaze mambo ya kwetu. Kwa umri wa bilioni 13.8, sekunde moja ya kalenda ni miaka 437 hivi. Dunia yetu inazaliwa mwanzoni mwa Septemba. Wale watu wa kale walioacha nyayo Laetoli, miaka milioni 3.6 iliyopita, wanapita tarehe 31 Desemba kama saa nne kasoro dakika ishirini usiku. Fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, la miaka milioni 1.75, ni la saa tano kasoro dakika saba. Msafiri Ibn Battuta anashuka Kilwa mwaka 1331, na usiku wa manane uko mbele yake kwa sekunde moja na nusu tu. Umri wote wa bibi, hata akifika 90, haujai robo ya sekunde. Niliwahi kumfanyia hivyo mama yangu mzazi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi Mungu ana subira." Sikuwa na la kuongeza.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Tulitazama sehemu ya kwanza ya Cosmos ya 2014, yenye katuni ya mtawa Giordano Bruno akichomwa moto kwa kusema nyota ni majua yenye dunia zake. Mwenzetu anayesoma historia chuoni akasema tumedanganywa, Bruno hakuwa mwanasayansi. Tumebishana hadi adhana ya alfajiri. Na wengine wakauliza, mbona Waislamu hawamo humo?*
*Vijana wa baraza, Mji wa Kale, Mombasa*

Wa alaykum salaam, wanangu. Mwenzenu ana haki, ingawa si yote.

Bruno alikamatwa Venice mwaka 1592, akapelekwa Roma mwaka uliofuata, akafungwa miaka, na tarehe 17 Februari 1600 akachomwa hai katika uwanja wa Campo de' Fiori. Hilo ni kweli na ni la kutisha, lilivyo bila kupambwa. Kumbukumbu kamili za kesi zimepotea, umebaki muhtasari. Ndani yake, fundisho la kuwapo dunia nyingi limo, lakini limo pamoja na mashtaka mazito ya dini: kuhusu Utatu, kuhusu Yesu mwenyewe, kuhusu ekaristi. Na Bruno hakuwa amepima kitu. Darubini ilikuwa haijaelekezwa angani, Galileo aliielekeza mwaka 1609. Mwingereza Thomas Digges alikwisha kuchapisha mwaka 1576 kwamba nyota zimetapakaa bila mwisho, na hakuna aliyemgusa. Kwa hiyo kusema "alichomwa kwa sababu ya falaki" ni kulikata jambo refu likawa fupi mno.

Lakini tuwatendee haki na waliotengeneza. Tyson mwenyewe anatamka katika sehemu hiyo hiyo kwamba Bruno hakuwa mwanasayansi, na kwamba alichokiona kilikuwa bahati, kwa kuwa hakuwa na ushahidi. Shida yangu ni vipimo. Maneno hayo yanapita haraka, na katuni ya moto inakaa muda mrefu, na kinachobaki kichwani mwa mtazamaji ni moto. Sagan naye alifanya hivyo mwaka 1980 alipoyaunganisha mauaji ya Hypatia, mwanahisabati wa Iskandaria aliyeuawa na umati mwaka 415, na maangamizi ya maktaba kuu ya mji ule. Wanahistoria wanasema maktaba ilikuwa imekwisha kudhoofika karne nyingi kabla yake, na kwamba mauaji yale yalitokana zaidi na ugomvi wa madaraka kati ya gavana na askofu. Mimi nawapenda Sagan na Tyson kwa dhati, na ndiyo maana naumia wanapoharakisha historia. Watu hawa hawangekubali kosa la namna hiyo kwenye mzunguko wa Mshtarii.

Wala tusijione sisi wa pwani tumepona. Ni wangapi tumesomeshwa kwamba Ahmad ibn Majid, bingwa wa nyota na bahari, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498? Wanahistoria wengi sasa wanaikataa. Maandishi ya Wareno yanamtaja rubani kutoka Gujarati. Hadithi tamu ina miguu mirefu, iwe ya Roma au ya Malindi.

Kuhusu Waislamu: mmeishia sehemu ya kwanza. Endeleeni hadi ya tano. Humo yumo Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi zake kubwa Misri karne ya 11, akaeleza kwamba tunaona kwa sababu nuru inatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na akasisitiza kwamba kauli ya mkubwa haitoshi mpaka ijaribiwe. Ningependa wangempa nafasi na al-Sufi pia. Mwaka 964, akiwa Isfahan, aliandika juu ya "wingu dogo" angani. Wingu lile ni galaksi ya Andromeda, nyota mabilioni kwa mabilioni. Kisha pandeni darini usiku mkazitafute Aldebaran, Altair na Deneb. Dunia nzima inaziita kwa Kiarabu mpaka leo.

*Mwalimu, mimi ni mpiga picha wa harusi na matukio. Naijua Photoshop vizuri. Nikiona zile picha za mawingu ya nyota, kijani, dhahabu, buluu, najua kabisa zimepikwa. Tukiamini picha zilizopikwa, sayansi iko wapi?*
*Mpiga picha, Arusha*

Barua yako nimeipenda kwa sababu unauliza kama fundi, nami nitakujibu kifundi. Chukua ile picha maarufu kuliko zote, ya nguzo za gesi ndani ya wingu la Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Wingu lile liko mbali kiasi cha miaka nuru 6,500 hadi 7,000 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao nuru huuvuka kwa mwaka). Kamera ya Hubble haioni rangi. Inapiga nyeusi na nyeupe kupitia kichujio, kisha kichujio kingine, kisha kingine. Picha hii ilipigwa kupitia vichujio vitatu: kimoja kilipitisha mng'ao wa salfa, kimoja wa haidrojeni, kimoja wa oksijeni. Salfa ikapewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu, zikawekwa pamoja. Kwa jicho la kawaida haidrojeni na salfa zote mbili ni nyekundu na zingechanganyika usizitenganishe. Rangi ile inakwambia gesi gani iko wapi. Aliyeipanga hakuongeza hata doa moja ambalo halikuwepo.

Na kamera yako wewe, ndugu yangu, inafanya nini? Kitambuzi chake hakijui rangi. Kimefunikwa vichujio vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na programu iliyomo ndani ndiyo inayoijumlisha rangi ya gauni la bibi harusi. Umekuwa ukiipika siku zote, kwa uaminifu.

Lakini onyo lako nalichukua, kwa sababu kuna picha nyingine ndani ya filamu hizo hizo ambazo si picha kabisa. Jumamosi huwa naonyesha filamu kwa watoto wa mtaani kwetu Chumbageni, projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Siku moja kamera ikawa inapaa nje ya Jua, nje ya nyota jirani, mpaka galaksi yetu nzima ikatandazwa kama gurudumu lenye mikono. Binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono. "Mwalimu, aliyepiga hii alisimama wapi?" Nikasimamisha filamu hapo hapo. Hakuna aliyesimama popote. Galaksi yetu ina upana wa miaka nuru 100,000 hivi, sisi tuko umbali wa miaka nuru 26,000 kutoka katikati, na hakuna chombo chetu kilichokaribia kutoka nje yake. Ule ni mchoro, uliotengenezwa kwa kupima nyota na gesi tukiwa ndani.

Tangu hapo nachora safu tatu ubaoni kabla ya kuwasha projekta: kilichoonwa, kilichokokotolewa, kilichochorwa. Watoto wanagawana, kila kikundi safu yake. Wanagombana kweli. Lile eneo la vimondo kati ya Mirihi na Mshtarii, ambalo filamu hulijaza mawe yanayogongana, wao ndio waliosema lihamie safu ya tatu baada ya kusoma kwamba chombo cha Pioneer 10 kililivuka mwaka 1972 na 1973 bila kudhurika. Mawe yapo, ila yameachana umbali mkubwa mno. Ningefurahi sana kama watengenezaji wenyewe wangeandika neno "mchoro" pembeni mwa kioo kila inapobidi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi. Wazee wetu Ngomeni wanasema kuna satelaiti ya Uhuru iliyorushwa kutoka baharini kwetu, na kwamba ndiyo iliyovumbua mashimo meusi. Wanangu wametazama filamu za mashimo meusi, hawakusikia Malindi ikitajwa. Wanasema babu anajisifu. Ni kweli au ni soga?*
*Mvuvi, karibu na Malindi*

Marahaba. Ni kweli, na mwambie mzee nimesema mimi.

Waitaliano walikuwa na jukwaa la chuma lililosimama baharini, mbele ya pwani ya Ngomeni, likiitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa hilo ikiwa imebeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Mbona Malindi? Kwa sababu karibu na ikweta Dunia yenyewe inakusukuma kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde, kwa hiyo roketi ndogo inatosha. Na kwa sababu satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inaepuka kwa sehemu kubwa ile mionzi iliyonaswa na usumaku wa Dunia, ambayo ingevuruga vipimo.

Eksirei za nyota hazifiki ardhini, hewa inazimeza. Kabla ya hapo walikuwa wakirusha roketi zinazopanda na kushuka, wakaliona anga kwa dakika chache tu. Uhuru ilikaa juu, ikajizungusha polepole, ikalipekua anga lote hadi mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa kinajulikana tangu roketi za mwaka 1964. Uhuru iligundua kwamba eksirei zake zinapepesa haraka mno, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapa ndipo waambie wanao wasikilize. Nuru huchukua karibu sekunde 5 kulivuka Jua upande hadi upande. Kitu kinachowaka na kufifia chote kwa pamoja ndani ya sehemu ya sekunde lazima kiwe kidogo kuliko Jua, kidogo sana. Mwaka 1971 na 1972 wanafalaki wenye darubini za kawaida wakaona pale pale nyota kubwa ya buluu inayozungushwa na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Kidogo, kizito kupita nyota, na hakionekani. Kilikuwa kitu cha kwanza angani ambacho wataalamu wengi walikubali kukiita shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki, ingawa ubishi uliendelea miaka. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, akakiri kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo tulisahihishe kidogo neno la mzee. Uhuru haikuvumbua mashimo meusi peke yake, bali ilitoa ushahidi uliofanya wengine wajue pa kutazama. Hiyo ni sifa kubwa ya kutosha. Mimi nimetazama filamu nyingi za mashimo meusi, na nakumbuka zikionyesha Hawking na ule ubishi wake, zikionyesha ile picha ya duara la moto iliyotolewa Aprili 2019. Bahari ya Ngomeni sikuiona. Inaniuma. Kuna vijana Kenya wenye kamera nzuri na wazee wanaokumbuka bado wako hai. Nani anawasubiri?

*Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wangu wanatazama kila kitu: Cosmos leo, kesho video za Dunia bapa, keshokutwa za "hawakufika mwezini". Kwao zote ni filamu, zote zina muziki mzuri. Nitawatofautishiaje?*
*Mwalimu wa sekondari, Singida*

Usiwape orodha ya filamu halali na haramu, watakwenda kuzitazama zile za haramu usiku. Wape swali moja la kuuliza kila filamu: wamejuaje? Iliyo nzuri itajibu, au walau utapata pa kwenda kulitafuta jibu. Iliyo mbovu itakujibu kwa swali jingine.

Mwezini, kwa mfano. Safari za Apollo 11, 14 na 15 ziliacha vioo maalumu vya kurudisha mwanga. Mpaka leo vituo vya uchunguzi vinapiga leza pale na kupima muda wa kurudi, ndivyo tunavyojua mwezi unatusogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Kuna mawe, kilo 382 kwa jumla. Na kuna Wasovieti, mahasimu wenye mitambo ya kufuatilia kila roketi, ambao wangefurahi kuliko watu wote kutangaza uongo huo. Hawakuutangaza.

Dunia bapa haihitaji hata filamu. Tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Jumapili, mwezi ulipatwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Waliotoka nje waliona ukingo wa kivuli cha Dunia ukiupanda mwezi, na ukingo ule ni wa mviringo, kama ulivyo katika kila kupatwa kwa mwezi, mwezi uwe juu au chini. Sahani hutoa kivuli cha namna hiyo ikiwa imesimama upande mmoja tu. Waache wajaribu na tochi, sahani na mpira. Na wakikushinda kwa hoja moja, ikubali mbele ya darasa, uende nyumbani ukaitafute.

*Webale, Mwalimu. Filamu ilisema chombo cha Voyager kimebeba sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha za dunia. Kiswahili kimo?*
*Msomaji, Kampala*

Hakimo. Salamu ni za lugha 55, zilizokusanywa kwa haraka kabla ya Voyager mbili kuruka mwaka 1977, na kamati iliyoongozwa na Sagan. Kiganda kimo, hongereni. Kinyanja kimo, Kiila cha Zambia kimo, Kisotho kimo. Sisi hatumo, na nimelisikitikia jambo hilo tangu nilipolijua. Lakini katika muziki umo wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wimbo wa unyago. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na sauti za wasichana wale zimo ndani yake.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 13. Nyumbani hatuna televisheni wala intaneti, filamu niliiona kwa jirani mara moja tu. Nataka kuwa mwanafalaki. Nianzie wapi?*
*Msichana wa Kasulu, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Una anga jeusi kuliko la Dar es Salaam nzima, kwa hiyo umeanza mbele yao.

Anza na Kilimia. Muulize mkulima yeyote mzee akuonyeshe, kile kishada cha nyota zilizosongamana. Novemba huchomoza mashariki jioni, na hadi Machi utakiona kikielekea magharibi. Wazee wetu walikifuata kwa ajili ya kilimo, wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kauli inayoweza kupimwa, nawe uipime. Kinatoweka jioni kama mwezi wa Mei na kurudi alfajiri mwezi wa Juni, kwa hiyo andika hali ya hewa ya siku kinapozama na ya siku kinapozuka, mwaka baada ya mwaka.

Umbali wake uliwagombanisha wataalamu hata karne hii. Satelaiti ya Hipparcos ilitoa kipimo kimoja, karibu miaka nuru 390, na njia nyingine zikatoa 440 na zaidi. Vipimo vya redio vya mwaka 2014, na vya satelaiti ya Gaia baadaye, viliwapa haki wa 440. Nuru utakayoiona iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Kazi yako ni hii. Chukua daftari. Kila Jumamosi anga likiwa safi, andika tarehe, saa, na idadi ya nyota unazozihesabu ndani ya Kilimia kwa macho yako. Wengi huona sita. Wewe ukiona saba, au tisa, andika hivyo hivyo, usibadilishe ili ulingane na mtu. Mwite na mwenzio ahesabu kivyake bila kuona namba yako. Ukifikisha mwezi wa Machi, nitumie daftari kwa anwani ya jarida, nitalichapa hapa pamoja na la yeyote mwingine atakayefanya vivyo hivyo.